Globu za nje zinamaliza uniti: nichague balbu ipi badala yake?

Mwalimu Mstaafu (Tanga)

Nawasalimu nyote. Ninaishi pembezoni mwa mji wa Tanga, katika nyumba ya vyumba sita ambayo viwili nimewapangisha vijana wenye familia, na sote tunatumia mita moja ya LUKU, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia. Kwa miaka mingi matumizi yetu hayakuzidi uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo tulikuwa tukinunua umeme kwa bei ya wateja wadogo. Tangu nilipoongeza friji mwaka jana tumefika uniti 115 hivi, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Mwanzoni mwa mwezi, ukiacha kodi ya jengo inayokatwa, shilingi 5,000 hunipatia uniti 41. Tukishavuka 75, fedha ileile huleta uniti 11 na kitu. Wapangaji wanasema kwamba friji ni yangu na kwa hiyo nibebe mzigo wake. Mimi, baada ya kuzunguka nyumba jioni moja na karatasi mkononi, nimeanza kuhisi kwamba friji inasingiziwa.

Nje ziko globu mbili za zamani, zile zenye uzi ndani, kila moja ya wati 60, moja barazani na nyingine uani karibu na choo, na zote huwaka tangu magharibi hadi alfajiri kwa ajili ya usalama. Kwenye korido iko nyingine ya wati 60, inayowaka kama saa sita kila usiku kwa kuwa hiyo ndiyo njia ya watu wote. Sebuleni ninayo tyubu laiti ya futi nne, ya wati 36, ambayo umeme ukipungua nguvu saa za jioni hupepesa tu bila kuwaka. Vyumba vinne vya kulala vina enaji seva za wati 18, zile zilizojisokota kama jalebi.

Juzi nilikwenda dukani kuuliza, na muuzaji akanipangia maboksi matano juu ya kaunta, yote akiyaita enaji seva ingawa ndani mlikuwa na vitu tofauti. Boksi moja la shilingi 2,000 liliandikwa wati 5 "sawa na wati 100", jingine la shilingi 5,000 liliandikwa wati 9 "sawa na wati 60". Nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja, lakini hesabu hiyo ilinishinda. Naomba mwenye ujuzi anieleze namna ya kuchagua, na kama kuna haja ya kubadilisha taa zote kwa mkupuo mmoja, kwa sababu kiinua mgongo kilishakwisha zamani.

Fundi Waya (Muheza)

Shikamoo Mwalimu. Kazi ya kufunga umeme majumbani ndiyo inayonilisha, na swali lako nalisikia karibu kila wiki, isipokuwa wengi huniuliza bila kuniletea saa za matumizi. Wewe umezileta, kwa hiyo hesabu inawezekana.

Globu mbili za nje ni wati 120, na zikiwaka saa 12 zinakula uniti 1.44 kwa usiku mmoja, yaani uniti 43 kwa mwezi. Ile ya korido, kwa saa sita, inakula karibu uniti 11. Tyubu laiti yako imeandikwa wati 36, lakini choki yake, kile kifaa cha kudhibiti umeme wake, nayo inakula, kwa hiyo ihesabu kuwa ya wati 45. Ikiwaka saa tano kila siku, ni uniti 7 kasoro kidogo. Enaji seva nne za vyumbani, kwa saa tatu, ni uniti 6 na nusu. Jumla ni uniti 67 kati ya 115, nazo zote ni za taa. Friji yako, runinga, feni, pasi na simu za watu wote vinagawana uniti 48 zilizobaki. Hisia yako ilikuwa ya kweli, friji imesingiziwa.

Sasa tazama uzuri wa hesabu hiyo. Ukiondoa globu tatu tu za wati 60 na kuweka balbu za LED, zile zinazotoa mwanga kwa chipu ndogo badala ya uzi, za wati 9, uniti 54 za globu hizo zinashuka hadi 8, na matumizi ya nyumba nzima yanarudi kwenye uniti 69. Kwa bei zilizoanza kutumika mwaka 2016, mteja mdogo hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75, na kila uniti inayozidi hapo hulipiwa shilingi 350, kabla ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 na tozo za REA (wakala wa nishati vijijini) na EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) ambazo ni asilimia 3 na asilimia 1. Leo unalipa 7,500 za uniti 75 za kwanza na 14,000 za zile 40 za juu. Ukirudi kwenye uniti 69 utalipa 6,900. Hiyo ni tofauti ya shilingi 14,600 kwa mwezi kabla ya kodi, na balbu tatu za shilingi 5,000 ni 15,000, kwa hiyo zinajilipa ndani ya mwezi. Tena mteja anayezidisha mara kwa mara anaweza kuhamishwa kwenye kundi la matumizi ya kawaida, ambako kila uniti ni shilingi 292 tangu ile ya kwanza, kwa hiyo usichelewe.

Kuhusu maboksi: acha kusoma wati kwanza. Wati ni chakula cha taa, wala si mwanga wake. Mwanga hupimwa kwa lumeni, na globu ya uzi ya wati 60 ilikuwa ikitoa kama lumeni 700 hadi 800. Balbu ya LED ya wati 9 iliyotengenezwa kwa uaminifu hutoa kiasi hicho au zaidi kidogo, kwa sababu LED za kawaida madukani hutoa kati ya lumeni 80 na 110 kwa kila wati. Kwa hiyo chukua lumeni zilizoandikwa, uzigawe kwa wati. Ile ya wati 5 inayojiita sawa na wati 100 ingepaswa kutoa lumeni zaidi ya 1,300, yaani 260 kwa kila wati, na kitu cha namna hiyo hakiuzwi kwa shilingi 2,000 mahali popote duniani. Boksi lisilotaja lumeni kabisa lirudishe kwenye kaunta.

Jambo la pili ni volti. Wewe uko pembezoni, mwisho wa laini, na umesema jioni umeme unapungua nguvu. Tafuta boksi lenye kiwango kipana cha volti, kwa mfano 165 hadi 265, badala ya lile lililoandikwa 220 hadi 240 tu. Balbu yenye saketi nzuri ndani haitajali umeme kushuka. Itaendelea kuwaka vilevile wakati tyubu laiti ya jirani inapepesa.

Mwisho, chungulia kitako kabla ya kulipa. Huku kwetu nyumba moja inaweza kuwa na holda za pini na za kuzungusha kwa pamoja, kutegemea fundi wa siku hiyo alikuta nini dukani. Enaji seva za vyumbani ziache ziishe zenyewe, kwa maana kuzibadilisha zote kutakuokolea uniti 3 tu kwa mwezi.

Mama Vifaranga (Kibaha)

Fundi amesema vyema, lakini naomba niongeze tahadhari kwa wafugaji wanaosoma hapa, kwa sababu mimi niliumizwa na shauri zuri nililolitumia mahali pasipostahili.

Nilipoamua kupunguza gharama nilibadilisha taa zote za nyumbani, na kwa kuwa mkono ulikuwa umeshakolea kazi, nikaingia hadi bandani na kubadilisha globu mbili za wati 100 zilizokuwa zikining'inia juu ya vifaranga wa siku tatu. Banda liling'aa kuliko zamani, nikalala nikiwa na furaha. Asubuhi niliwakuta wamerundikana kwenye kona moja wamelaliana, na waliokuwa chini nikawaokota kumi na wanne wamekufa. Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, na globu ya zamani ilikuwa ikimpa joto hilo kwa sababu zaidi ya asilimia 90 ya umeme inaoula hugeuka kuwa joto, na mwanga ni masazo tu. Nilikuwa nimenunua hita mbili kwa jina la taa bila kujua.

Siku hizi vifaranga wangu wanapata joto kutoka chungu cha mkaa, huku hewa ikiachiwa nafasi ya kutoka, na LED ya wati 5 inawaonyesha chakula. Mwalimu, wewe joto lile unalilipia barazani, ambako hakuna hata kifaranga wa kuliota, kwa hiyo liondoe bila huruma.

Mshonaji wa Kilifi

Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Huku tunaita stima, na uniti tunanunua kwa tokeni, lakini maumivu ni yaleyale. Wengine wamezungumzia kiasi cha mwanga. Mimi nitazungumzia rangi yake, kwa kuwa ndiyo iliyoniaibisha.

Kwenye boksi hutakosa namba kama 2700, 3000, 4000 au 6500 ikifuatiwa na herufi K. Hizo ni kelvini. Namba ndogo ina maana ya mwanga wa njano unaotuliza macho, kama wa globu za zamani. Namba kubwa ni mwanga mweupe unaokaribia ubuluu. Maduka mengi ya pwani hujaza 6500 peke yake kwa sababu wanunuzi wanaamini kwamba weupe ndio ukali, jambo ambalo si kweli: balbu mbili zenye lumeni sawa zina mwanga sawa, hata kama moja inaonekana ya njano. Kwa baraza la Mwalimu ningechagua 2700 au 3000, kwani mwanga wa njano huvuta wadudu wachache kuliko ule wa buluu, na mvua za masika zikianza kumbikumbi hawatageuza baraza kuwa uwanja wa mijusi. Vyumbani pia njano ni bora, maana mwanga mweupe sana wakati wa kulala hufukuza usingizi.

Lakini iko namba nyingine ambayo wachache huitazama, imeandikwa CRI au Ra, nayo hueleza jinsi rangi za vitu zinavyoonekana kwa uhalisi chini ya taa hiyo, ambapo jua ni 100. Nilikuwa nashona usiku chini ya balbu rahisi isiyo na namba hiyo. Mteja akaja kuchukua dera lake jeusi saa nne asubuhi, akalitoa nje ya mlango, akalitazama, akanitazama. Mkono mmoja ulikuwa umeshonwa kwa uzi mweusi, wa pili kwa uzi wa buluu iliyokoza. Chini ya taa yangu nyuzi hizo mbili zilikuwa pacha. Sasa kwenye cherehani nimeweka balbu yenye 90. Kwa matumizi mengine ya nyumbani 80 inatosha, na kwa chooni haina umuhimu wowote.

Tena sikuiweka darini. Nimeishusha kwenye taa ya meza, nusu mita kutoka sindano, na ni ya wati 5 tu. Taa ikisogezwa kutoka mita mbili hadi mita moja, mwanga unaokifikia kitambaa huwa mara nne, kwa hiyo badala ya kununua balbu kubwa ya chumba kizima, isogeze ndogo karibu na kazi.

Mwalimu Mstaafu (Tanga)

Marahaba Fundi, na ahsanteni nyote. Naleta matokeo, na maswali mawili mapya.

Nilinunua balbu mbili za LED za wati 9, rangi ya 3000, boksi likitaja lumeni 810, nikaziweka nje. Kwa ajili ya korido, mkono wa birika ulinishinda, nikachukua moja ya shilingi 2,000 iliyoandikwa wati 12. Boksi lilitaja lumeni, Fundi, usinigombeze: 1,100, na mgawanyo wake ulikuwa ndani ya kipimo ulichonipa.

Kabla ya kubadilisha nilifanya jaribio ambalo ningependa wengine walifanye. Mita yetu ina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na chini yake pameandikwa 1000 imp/kWh, maana yake ni kwamba ikipepesa mara 1,000 umekula uniti moja, na kila pepeso ni wati-saa moja. Jioni moja niliwaomba wapangaji wazime kila kitu kwa nusu saa, nikachomoa friji, nikabakiza globu mbili za nje, nikasimama mbele ya mita na saa yangu ya mkono. Ilipepesa kila baada ya sekunde 30 bila kukosea, na hiyo ndiyo wati 120 kamili. Kisha kijana mmoja akapanda ngazi akaweka zile za LED. Nikasubiri. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, nikadhani mita imekufa. Ilipepesa baada ya dakika tatu na sekunde 20. Watoto waliokuwa wamenizunguka walishangilia kama vile bao limefungwa, na baba zao, waliokuwa wakinong'ona kuhusu friji, walikaa kimya.

Swali la kwanza linahusu ile ya wati 12. Niliiwasha peke yake nikitarajia mita ipepese kila baada ya dakika tano. Ilichukua dakika nane na nusu. Je, mita yangu ina kasoro, au balbu ndiyo yenye kasoro? Swali la pili: balbu hiyohiyo ya korido, ukiizima, haizimiki kabisa. Inabaki na mwanga hafifu kama wa kimulimuli usiku kucha. Mpangaji mmoja amekwishasema kwamba korido ina jini.

Fundi Waya (Muheza)

Mwalimu, jaribio lako nitaliiba na kulitumia kwa wateja wangu. Kwa zile mita zilizoandikwa 1600 au 3200, mtu agawe 3,600,000 kwa namba hiyo, kisha agawe jibu kwa sekunde alizosubiri, atapata wati.

Kwako jibu ni wati 7. Mita haipimi kwa usahihi mkubwa mzigo mdogo namna hiyo, lakini kutoka dakika tano hadi nane na nusu si kosa la mita. Umeuziwa balbu ya wati 7 ndani ya boksi la wati 12. Hiyo ndiyo hila ya siku hizi: zamani walidanganya ulaji uwe mdogo, sasa wanaongeza wati kwenye maandishi kwa sababu wanajua mnunuzi anadhani wati ndizo mwanga. Mgawanyo wako haukukuokoa kwa kuwa walidanganya namba zote mbili kwa uwiano. Hasara yako haiko kwenye umeme, iko kwenye mwanga, na utaona korido ina giza kuliko ulivyotarajia. Ukiwa tena dukani, shika balbu mbili mkononi: ile yenye bati la aluminiamu ndani la kutoa joto huwa nzito, na nyepesi kama ganda la yai mara nyingi haina kitu. Muombe muuzaji aiwashe, uielekezee kamera ya simu. Ukiona mistari ya giza inapita kwenye kioo cha simu, saketi yake ni duni na macho yako yatachoka kabla hujajua sababu.

Kuhusu jini la korido, hilo ni jambo zito kuliko balbu. LED inahitaji umeme kidogo mno ili ing'ae, kwa hiyo hufichua makosa ambayo globu ya zamani iliyaficha. Sababu zinazojulikana ni tatu. Huenda swichi yako ina kitaa kidogo ndani yake cha kuonekana gizani, na mkondo wa kitaa hicho unapita kwenye balbu. Huenda waya wa swichi umepita bega kwa bega na waya mwingine wenye moto kwa umbali mrefu, kama inavyokuwa kwa swichi mbili za korido, ukaazima chembe ya umeme. Au, na hili ndilo ninalolikuta mara nyingi kwenye nyumba za zamani, fundi aliyefunga aliweka swichi kwenye nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, badala ya waya wa moto. Ukizima, taa inazimika lakini holda inabaki na umeme kamili wa volti 230, na atakayebadilisha balbu akiamini kwamba amezima anaweza kurushwa kutoka ngazini, au kufa. Tafadhali usimruhusu yule kijana apande tena kabla mtu mwenye testa, bisibisi yenye kitaa cha kuonyesha umeme, hajapima holda ikiwa swichi imezimwa. Nitakuwa Tanga Jumamosi, nitapita.

Machache ya nyongeza, kwa kuwa umeingia kwenye LED na hutatoka. Usiifungie ndani ya kopo la kioo lisilopumua, lile la darini linalojaa wadudu wakavu. Chipu zenyewe za LED, zile zinazotoa mwanga, hudumu saa nyingi, 15,000 na zaidi, lakini saketi iliyo kwenye shingo yake haipendi joto, na ndiyo hufa kwanza. Ikifa ukaifungua na kukuta chipu moja ina doa jeusi, ujue zimefungwa kwa msururu, moja ikiungua zote zinazimika. Wako wenzangu wanaoirukisha chipu hiyo kwa tone la risasi na balbu ikawaka tena. Itawaka, lakini chipu zilizobaki zinagawana mzigo wa aliyekufa na hazichukui muda kumfuata. Kazi hiyo pia isifanywe balbu ikiwa kwenye umeme, maana nyingi hazina kitenganishi ndani na kila kitu mle kinashtua.

Tyubu laiti ukiibadilisha, tafuta tyubu ya LED ya wati 18 inayokuja na stata yake bandia (stata ni kile kikopo kidogo cha kuwashia) ndani ya boksi. Unatoa stata ya zamani na kuweka hiyo. Usiposoma maelekezo ukaacha ile ya zamani, unaweza kuiunguza siku hiyohiyo. Na zile balbu za kuchaji, zinazoendelea kuwaka umeme ukikatika, ni nzuri moja kwa sebule na moja kwa jiko, lakini usizijaze nyumba nzima. Zikiwa kwenye betri mwanga wake hushuka sana, na betri yenyewe huchoka mapema kuliko taa.

Bwana Afya (Morogoro)

Nakubaliana na Fundi kwa yote isipokuwa moja: lile la kuziacha enaji seva ziishe zenyewe lina sharti lake. Ndani ya zile zilizojisokota, na ndani ya tyubu laiti pia, kuna zebaki, miligramu chache tu kwa kila moja. Ikiwa nzima haina madhara. Ikivunjika chumbani, hasa chumba chenye mtoto anayetambaa, fungueni madirisha, tokeni wote kwa dakika kumi hivi, kisha kusanyeni vipande kwa karatasi ngumu na vumbi lake kwa kitambaa chenye maji au utepe wa gundi (selotepu). Msifagie kwa ufagio, kwa sababu ufagio hulirusha vumbi hewani. Vipande viwekwe kwenye chupa yenye kifuniko, wala visichomwe pamoja na taka za uani, ambayo ndiyo desturi yetu.

Kwa sababu hiyohiyo Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki uliamua mwaka 2022, kwa hoja iliyoletwa na nchi za Afrika, kwamba enaji seva za nyumbani za hadi wati 30 zisitengenezwe wala kuuzwa nje baada ya 2025, na mwaka uliofuata ukaamua kwamba tyubu laiti nazo zikome kufikia mwisho wa 2027. Wasiwasi wa Afrika ulikuwa wa kweli: masoko ya matajiri yakifungwa, mzigo uliobaki ghalani hutafuta bandari zetu. Kwa hiyo mkiona enaji seva zinauzwa kwa bei ya kutupa miaka hii, msifurahie sana. Mwalimu, chumba chenye mtoto mdogo kibadilishie sasa, vingine visubiri.

Mwalimu Mstaafu (Tanga)

Fundi alipita Jumamosi kama alivyoahidi. Alizima swichi ya korido, akagusisha testa kwenye holda, na testa ikawaka. Ilikuwa nyutro, tangu nyumba ilipojengwa. Kwa miaka yote hiyo nimebadilisha globu za korido kwa mkono wangu mwenyewe, nikisimama kwenye stuli ya chuma. Amegeuza waya kwenye swichi tatu, kwa kuwa kosa lilirudiwa pia chumbani kwangu na jikoni, na jini limehama.

Ile ya shilingi 2,000 nimeihamishia chooni, ambako Mshonaji amenihakikishia kwamba rangi haina umuhimu, na ya chooni hatukuwa tukiihesabu kwa sababu huwaka dakika chache. Korido sasa ina ya wati 9 ya kweli, nimeipima kwa mita. Chumba cha mpangaji mwenye mtoto wa miezi minane nimekibadilishia, na ile enaji seva nimeiweka kwenye kopo la maziwa lenye kifuniko juu ya kabati.

Mwezi umefungwa kwa uniti 71. Kuhusu friji hakuna anayeniuliza tena, ingawa tangu juzi wameanza kuitazama pasi yangu.